Rekodi ya Babu Ojok

Lamaro mwanangu,

Hali yako siulizi. Nimekuona asubuhi hii ukinywa chai umesimama kama askari aliye zamu, mkate mkono huu, simu mkono ule, na ulipopita jikoni ukaniambia kwa mara ya nne tangu Ijumaa, "Mama, usisahau nakala ya data ya Jumapili." Wewe ni mzima kabisa. Mimi ndiye nisiye na hali.

Sasa ni saa nane mchana. Umekwenda Kasubi kumuaga mama yako mdogo, na yule namjua, hatakuachia utoke kabla hujala mara mbili na kubebeshwa kitu usichokihitaji. Kwa hiyo nina muda. Kesho basi la Dar es Salaam linakuchukua, na begi lako liko hapa mbele yangu limejaa nyaya. Nyaya tupu, Lamaro! Chaja tano, blanketi hakuna. Lakini sikukaa hapa kuandika habari za blanketi. Ya kuvaa na ya kula na ya nani umpigie ukifika, baba yako ameshakuchosha nayo.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyasema Jumapili, siku ndugu zangu walipokuja kukuombea dua na watu wa kanisani kwa baba yako wakaja na gitaa lao. Ulikuwa umekaa karibu nami mkekani. Ukaniinamia ukasema polepole, "Mama, kule kazini Dar wanatengeneza mifumo ya kompyuta ya hospitali. Nimewaandikia wanipe kupanga mwonekano wa kurasa tu, nisiguse data za wagonjwa. Unajua nilichomfanyia Babu." Na mimi, mtu mzima mwenye akili zake, nikakujibu, "Hebu kaongeze soda, wageni wamekauka koo." Ukaenda. Nikabaki naikodolea macho sahani ya sambusa kama sijawahi kuona sambusa.

Miaka kumi nimekuacha uamini kwamba wewe ndiye uliyeifuta rekodi ya Mzee Ojok. Hukuifuta. Nataka ulijue hilo kabla hujaondoka, na nitakueleza tangu mwanzo, maana nakufahamu, neno tupu hulikubali. Utataka kujua kisanduku kipi, saa ngapi, na nani alibonyeza.

Basi tuanze na kiherehere changu. Unaikumbuka zahanati ilivyokuwa, ile ya mtaani kwetu Kisugu, mimi nikiwa karani wa masijala, na masijala yenyewe kabati moja la chuma linalofungwa kwa kamba. Daftari za wagonjwa zilipangwa kwa herufi, na herufi hazikusaidia kitu. Mtu anakuja leo anajiita Grace, mwezi ujao anakuja na jina la kwao, na akijifungua mapacha ndiyo basi tena, ni Nalongo mpaka mwisho, na akina Nalongo wa Kisugu walitosha kujaza ukumbi. Nilikuwa nazunguka na kabati lile nusu ya siku huku watoto wanalia barazani.

Ndipo akaja yule kijana wa mafunzo na kile chombo chake cha kutengenezea programu. Siku mbili tu akatufundisha. Unachora jedwali lako, unaburuta visanduku unavipanga, unachagua kipi kifuate kipi, unabonyeza, na programu inafunguka kwenye simu ya mtu yeyote mwenye intaneti. Kodi, yale maandishi ya kompyuta, karibu huandiki. "Nyabo, wewe naweza," akaniambia kwa heshima, "hii hata mutoto ya shule, ya senior one, naweza." Nikamwamini kuliko nilivyomwamini baba yako siku ya posa.

Nilivimba kichwa, Lamaro. Wiki tatu nikawa nimemaliza, na nikaanza kutembea Kisugu kama mhandisi. Nilipanga kila kitu kwenye laptop yenye kioo kipana, nikaona kinapendeza. Wahudumu wetu wa kujitolea, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, wakakifungua kwenye simu zao ndogo zilizopasuka, wakawa wanausukuma ukurasa kushoto na kulia wakitafuta kitufe cha kuhifadhi. Tena nikaweka kisanduku cha jina la familia, na nikakifanya cha lazima. Mimi! Mimi niliyeolewa na Mwacholi, ambaye jina lake ni lake na la mtoto wake ni la mtoto wake! Wahudumu wakawa wanaandika "Hakuna" ili waweze kuendelea, na baada ya mwezi nusu ya Kisugu ilikuwa ukoo mmoja mkubwa wa Hakuna. Daktari mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nikanuna siku mbili.

Hayo ni ya kucheka. Sasa lile lisilochekesha.

Kila rekodi, unajua kuliko mimi, lazima iwe na kitu cha kuitofautisha na nyingine. Chombo chenyewe kilinipa namba, moja, mbili, tatu, inajijaza bila kuombwa. Nikaiondoa. Nikasema, kumi na saba ni nani? Nani atamkumbuka mgonjwa kwa kumi na saba? Majina nimekueleza yalivyonitesa. Nikaamua nitumie namba ya simu, kwa sababu kila mtu ana simu. Ndivyo nilivyosema kwenye kikao, "kila mtu ana simu," na wakati nasema hivyo mimi na wewe tulikuwa tunatumia simu moja, na ukitaka kumpigia rafiki yako unaniomba.

Haukupita muda wahudumu wakaanza kelele. Wanasajili mtu, ukurasa unaleta maandishi mekundu kwamba namba hiyo ipo tayari. Mmoja alikuja masijala akaniwekea simu yake mezani. "Nyabo, hii kitu nanikataa! Kila saa naleta nyekundu tu, bando yangu nakwisha!" Ningemuuliza anamsajili nani, na kwa simu ya nani, angeniambia. Sikumuuliza. Nilijua tayari, si mimi ndiye fundi? Nikaona ni wao wazembe, wanasajili mtu mmoja mara mbili. Nikaingia kwenye mpangilio nikakuta mahali pa kuweka alama, kwamba namba ikiwa ipo, rekodi mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Nikaweka alama. Nyekundu ikaisha siku ile ile, na nilisikia raha siwezi kukuambia.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, umekaa kwenye kigoda unamenya matoke, mimi najisifu peke yangu kwa sauti. Ukaniuliza, "Mama, na nyumba yenye simu moja je?" Nakumbuka hata kisu ulivyokishika. Nikakujibu, "Wewe menya ndizi."

Ningeweza kuandika ukurasa mzima kuhusu jibu hilo na nisimalize hasira zangu. Swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa juu ya programu ile liliulizwa jikoni kwangu, na mwenye kuuliza nikamrudisha kwenye ndizi. Sina mawaidha ya kukupa kuhusu kazi yako, ningeyatoa wapi? Ila maandishi mekundu yakikutokea, yasome mpaka mwisho kabla hujatafuta namna ya kuyanyamazisha. Na mtu akikuuliza kitu wakati unajisikia fundi, huyo msikilize zaidi.

Mzee Ojok wewe ulimjua kama Babu. Mimi nilimjua kwanza kama Sajini Ojok, jirani yetu katika nyumba za polisi za Nsambya, mkubwa wa baba yako kazini, aliyekuwa akikubeba mabegani kwenda kuangalia gwaride. Alipostaafu akaja kukaa Kisugu na mkwewe, mke wa marehemu mwanawe, chumba na sebule kule bondeni. Akaugua kifua kikuu. Nilimwandikisha mwenyewe, dozi ya miezi sita, na kwa sababu miguu yake ilikuwa imechoka, mhudumu alimpelekea dawa kila wiki na kuhakikisha anazimeza. Kila Jumatatu orodha ya nyumba za kutembelea ilitoka kwenye programu yangu.

Simu ya nyumba ile ilikuwa moja, ya mkwewe.

Mwezi wa tatu wa dozi ya Babu, mkwewe, ambaye alikuwa amepata mwenzake mpya, akaenda kuandikishwa kliniki ya wajawazito, hapo hapo zahanati kwetu. Wakamuuliza namba ya simu, akaitoa. Programu ikafanya nilichoiambia ifanye. Ikamkuta Ojok kwenye namba ile, ikamtoa, ikamweka mkwewe. Jumatatu iliyofuata orodha ilisema nyumba ile kuna mjamzito, na mgonjwa wa kifua hayupo. Mhudumu wa bondeni alikuwa mgeni, ana wiki mbili kazini. Alipoona jina la mzee limetoka, akadhani dozi imekwisha. Angekuwa na daftari angeangalia. Daftari nilikuwa nimezikusanya zote mimi, wahudumu wakiniomba waendelee nazo, nami nikawaambia wasiniletee ushamba.

Sasa lisome hili linalofuata taratibu, maana ndilo linalonitia uchungu zaidi. Jumamosi moja ulikwenda kwa Babu mkacheza drafti kwa visoda vyenu, ukarudi unaruka. "Mama, Babu amepona! Wamemwachisha dawa!" Lamaro, nilijua dozi ni miezi sita. Nilijua alianza lini, mkono ulioandika tarehe ni huu. Nikasema alhamdulillahi bila kuinua macho, kwa sababu nilikuwa nachagua rangi za vitufe. Ulikuja na habari mpaka miguuni pangu, kama mtu aliyetumwa, na mimi nikakushukuru nikaendelea na rangi zangu.

Walipomleta zahanati, aliletwa kwenye bodaboda amebanwa katikati ya dereva na mkwewe ili asianguke. Akapelekwa hospitali. Hakurudi. Baba yako alikuwa kazini Moroto, akaja moja kwa moja kwenye mazishi akiwa bado na viatu vya kazi.

Siku ile alipoletwa, daktari mkuu aliingia masijala akasema, "Mama Lamaro, huyu mzee yuko wapi kwenye programu yako? Mimi natafuta, yeye hapana." Nikatafuta. Sikumwona. Wakati huo huo wewe ukatokea mlangoni na sare ya shule, umeniletea chakula changu. Nikasema, na ninayaandika kama nilivyoyasema, "Labda ni huyu mtoto. Anachezea laptop yangu nyumbani, pengine alifuta."

Daktari akakutazama. "Watoto bwana," akasema. "Ficha hiyo mashine." Akatoka kwenda kwa mgonjwa, na nadhani alisahau kabla ya magharibi. Wewe ndiye uliyebaki umesimama na bakuli.

Na laptop ulikuwa umeigusa kweli. Uligeuza kitufe cha kuhifadhi kikawa cha kijani bila kuniomba. Ndiyo maana ulinisadiki. Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi nyumbani ukaniuliza, "Nilibonyeza nini, Mama?" Nikakwambia sijui, tuyaache. Hukulia. Ungelia labda ningesema.

Nilipofika nyumbani nikafungua ukurasa wa historia. Unaujua, kila chombo cha namna hiyo kinao, unaonyesha rekodi ilibadilishwa lini na kutoka wapi. Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, fomu ya wajawazito, simu ya mhudumu wa kliniki. Saa nne asubuhi ya Jumanne wewe ulikuwa darasani. Nikasoma mara mbili, nikafunga. Kesho yake nikaiondoa ile alama, nikarudisha namba zinazojijaza, simu nikaiweka kuwa kitu cha pembeni ambacho watu wengi wanaweza kukitumia kwa pamoja. Nikawaambia wahudumu nimeboresha programu. Wakanipigia makofi, na mimi nikasimama pale nikapokea makofi yale.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza mpaka nimejichoka. Niliogopa kufukuzwa kazi, baba yako yuko Moroto na wewe uko shule. Lakini hiyo si yote. Nilikuwa karani wa kabati la kamba, na kwa mara ya kwanza watu waliniita mtu mwenye ujuzi. Sikutaka kurudi kwenye kabati. Nikajiambia wewe ni mtoto, daktari ameshasahau, na wewe utasahau. Huo ndio ujinga mkubwa kuliko ule wa simu, kwa sababu ule wa simu nilikosea bila kujua, na huu niliufanya nikiwa naujua.

Hukusahau. Ulianza kunawa mikono kabla ya kugusa kompyuta ya mtu. Ukaanza kuweka nakala tatu za kila kitu, hata insha za shule. Ulipofika chuo ukaisuka upya programu yote ya zahanati, mtu mbali, nyumba mbali, simu mbali, kazi safi ambayo mimi nisingeiweza hata nikifundishwa mwaka mzima, na hukuwahi kuuona mpangilio wa zamani kwa sababu nilishauondoa. Hata likizo huna raha, kila jioni unaketi unahesabu rekodi za wagonjwa kama mchungaji anayehesabu mbuzi. Watu wananiambia, "Binti yako ni makini, wewe umemlea!" Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nikikugombeza juu ya nakala zako, na nimekugombeza sana, ujue si nakala zilizokuwa zinaniudhi. Nilikuwa nakuona unalipa kosa langu mbele ya macho yangu, siku baada ya siku, na bado nakwambia uongeze soda.

Baba yako nilimwambia Jumapili wageni walipoondoka. Ojok alikuwa kama kaka yake mkubwa. Jana kutwa alikuwa anatengeneza zipu ya begi lako ambayo haina ubovu wowote. Leo mchana amenikuta naandika. Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nyaya, uikute ukiwa umeshapita mpaka wa Mutukula. Akasimama nyuma yangu.

"Hiyo barua nakwenda wapi?"

"Kwenye begi," nikasema. "Ataisoma njiani."

"Hapana. Wewe nataka mutoto nasoma hii kwa basi, peke yake, katikati ya watu hapana jua yeye? Hapana, Zaituni. Wewe napa yeye kwa mukono. Halafu wewe nakaa."

Nikamwambia sitaweza. Akasema, "Yeye naweza miaka kumi," akarudi kwenye zipu yake.

Ni mara chache katika ndoa hii nimekubali kwamba baba yako ana haki, na naomba usimwambie nimeandika hivyo. Kwa hiyo barua hii umeipata mkononi mwako, na hapo unaposoma mimi nimekaa mbele yako, nikijitahidi nisiinuke. Sikuombi unisamehe leo. Wewe una haraka ya kusamehe, ni tabia yako mbaya, utaanza kunibembeleza mimi kabla hujaelewa ulichofanyiwa. Usinibembeleze. Piga kelele kama unataka kupiga kelele, majirani wa Kisugu wameshasikia makubwa kuliko haya. Ukitaka kukaa kimya na baba yako nje, kaa. Ukitaka kesho nisije kukusindikiza, niambie tu.

Kitu kimoja ndicho ninachokuomba, na nakuomba ukifanye leo kabla begi halijafungwa. Waandikie wale wa Dar es Salaam. Waambie umebadili mawazo, kupanga mwonekano wa kurasa wampe mwingine, wewe unataka data za wagonjwa. Pale ndipo panahitaji mtu anayeuliza habari ya nyumba yenye simu moja, na wewe uliiuliza ukiwa na miaka kumi na mitatu, na kisu cha ndizi mkononi, na hakuna aliyekufundisha. Nisingependa watu wa kule wakose mtu kama huyo kwa sababu mama yake alikuwa mwoga.

Aliyemwondoa Mzee Ojok kwenye orodha ni mimi. Aliyesikia kwamba ameachishwa dawa akanyamaza ni mimi. Mikono yako ni safi, Lamaro. Ilikuwa safi siku zote.

Mama yako,
Zaituni